Medali yako haimo kwenye DD 214? Namna ya kurekebisha rekodi za jeshi la Marekani

DD 214, ile hati ya kuachishwa jeshini, huandaliwa siku za mwisho za utumishi, wakati kila mtu ana haraka. Karani ana foleni mlangoni, mawazo yako yameshatangulia nyumbani, unaonyeshwa karatasi kwenye kompyuta na kuambiwa utie saini hapa na hapa. Miaka inapita. Siku unapoomba kazi ya serikali kuu au unapopeleka madai VA, idara ya askari wa zamani, ndipo unapogundua kwamba kwa mujibu wa karatasi, medali ya Afghanistan hukupata, ingawa vumbi la Kandahar unalikumbuka hadi leo.

Mwongozo huu ni wa waliotumikia jeshi la Marekani na familia zao. Wanaozungumza Kiswahili humo si wachache. Mpango wa MAVNI, uliotangazwa mwishoni mwa 2008, uliwachukua wahamiaji halali wanaojua lugha ambazo jeshi lilizihitaji, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Wengine wengi, kutoka Nairobi hadi Bukavu, waliingia kwa green card kama kawaida. (Kama unamtafutia babu aliyepigana Burma na King's African Rifles, hii si njia yake. Medali zake zinashughulikiwa na Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, na utaratibu wao ni mwingine kabisa.)

Shika jambo moja kabla hatujaanza. Watu wengi wakiona kasoro hukimbilia Bodi ya Marekebisho, ile inayoamua maombi ya kusahihisha rekodi za jeshi, wakajaza fomu ndefu, wakasubiri mwaka mzima, kisha wakajibiwa kwamba walipaswa kuanzia ofisi nyingine. Medali nyingi zinazokosekana hazihitaji Bodi hata kidogo. Zinahitaji ujue ni medali ya aina gani, uwe na karatasi inayoithibitisha, na uipeleke kwenye mlango wake.

Kwanza: soma DD 214 yako upya, kisanduku kwa kisanduku

Tafuta nakala inayoitwa Member-4. Ile Member-1 ni fupi, haina sehemu ya chini inayoonyesha aina ya kuachishwa na sababu yake, na ofisi nyingi huikataa.

Nenda kisanduku cha 13. Hapo ndipo nishani, medali, beji na tepe zote huorodheshwa, kwa herufi kubwa, zikitenganishwa na mistari miwili ya mshazari, na mwisho huandikwa NOTHING FOLLOWS. Ukikuta badala yake maneno kama CONT IN BLOCK 18, usianze kulalamika. Nafasi iliisha, orodha ikaendelea kwenye kisanduku cha 18 cha maelezo. Nimeshaona watu wakijiandaa kuandikia Bodi kuhusu medali ambayo ilikuwa imekaa pale chini muda wote.

Hicho kisanduku cha 18 kina kazi nyingine pia. Kwa kawaida ndimo huandikwa nchi uliyopelekwa na tarehe zake, mfano SERVICE IN AFGHANISTAN 20110310-20111205. Linganisha na kisanduku cha 12f, chenye jumla ya miaka, miezi na siku ulizotumikia nje ya nchi. Kama visanduku hivi viwili vinasema ulikuwa Afghanistan miezi minane na ushee, na kisanduku cha 13 hakina Afghanistan Campaign Medal, basi ushahidi wako mkuu unao mkononi: karatasi inajipinga yenyewe. Lakini kama 12f ni sifuri na kisanduku cha 18 kiko kimya, tatizo lako ni kubwa kuliko medali. Safari yenyewe haikuandikwa, na hiyo ndiyo utakayoanza kuirekebisha.

Ukiwa hapo, angalia pia tahajia ya jina, tarehe ya kuzaliwa na cheo. Utarekebisha yote kwa ombi moja.

Pili: jua medali yako iko fungu gani

Hapa ndipo penye uzito wote, kwa hiyo tutulie kidogo.

Fungu la kwanza ni medali za haki. Hizi hazihitaji mtu yeyote akupendekeze. Ulikuwa mahali fulani, katika kipindi fulani, kwa siku zinazotakiwa: imekuwa yako. National Defense Service Medal ni ya namna hii, na karibu kila aliyekuwa kazini kati ya Septemba 2001 na 31 Desemba 2022 anastahili. Army Service Ribbon hupewa askari wa Army (jeshi la nchi kavu) anayemaliza mafunzo yake ya mwanzo. Afghanistan Campaign Medal na Iraq Campaign Medal zinataka siku 30 mfululizo au 60 za kujumlisha ndani ya eneo, na siku hazihesabiwi kwa aliyeingia kwenye mapigano au aliyejeruhiwa na kulazimika kuondolewa.

Medali za kampeni zina kitu ambacho makarani hukisahau kuliko vyote: nyota. Kampeni ya Afghanistan iligawanywa awamu sita, na kila awamu uliyoshiriki ina nyota yake ndogo ya shaba. Chukua mtu aliyetua Bagram Machi 2011 akaondoka Desemba mwaka huohuo. Awamu ya Consolidation III iliisha 30 Juni 2011, na Transition I ikaanza 1 Julai 2011. Alikanyaga awamu mbili, kwa hiyo ana nyota mbili. DD 214 yake ikisema AFGHANISTAN CAMPAIGN MEDAL na kunyamaza, au ikitaja nyota moja, ina kasoro. Awamu zenyewe ni hizi: Liberation of Afghanistan hadi 30 Novemba 2001; Consolidation I hadi 30 Septemba 2006; Consolidation II hadi 30 Novemba 2009; Consolidation III hadi 30 Juni 2011; Transition I hadi 31 Desemba 2014; Transition II hadi 31 Agosti 2021. Weka tarehe zako kando ya hizi uhesabu mwenyewe.

Ndani ya fungu hili kuna medali zilizozaliwa baada ya watu kuondoka jeshini. Korea Defense Service Medal iliidhinishwa na sheria ya mwaka 2002, lakini inarudi nyuma hadi 28 Julai 1954. Aliyetumikia Korea Kusini miaka ya 1980 au 1990 hawezi kuwa nayo kwenye DD 214 yake, kwa sababu siku anaondoka haikuwepo. Hilo si kosa la karani, na marekebisho yake huwa mepesi. Vivyo hivyo kwa waliokuwa Vietnam na Army: amri kuu namba 8 ya mwaka 1974 iliwapa wote Republic of Vietnam Gallantry Cross ya kikosi, na wazee wengi hawajui kwamba wanayo.

Tuzo za kikosi, kama Meritorious Unit Commendation, nazo ni haki ya aliyekuwemo kikosini kipindi kilichotajwa. Shida yake ni kwamba amri ya kuitoa mara nyingi hutiwa saini muda mrefu baada ya kikosi kurudi, wewe ukiwa umeshavua magwanda.

Good Conduct Medal ya Army imekaa katikati. Kwa kawaida ni ya miaka mitatu ya mwenendo mzuri, na kamanda anaweza kuizuia, lakini akiizuia anatakiwa aache maandishi. Umetimiza miaka, faili halina adhabu wala barua ya kuzuia? Hoja yako ina nguvu.

Fungu la pili ni nishani za kupendekezwa: Army Commendation Medal, Bronze Star, na zile za ushujaa. Hapa haitoshi kwamba ulistahili. Lazima mtu aliandika pendekezo, kwa Army ni fomu DA 638, na mwenye mamlaka akalikubali na kutoa namba ya amri. Kama unayo hati yenye namba hiyo ya amri, kilichobaki ni ukarani tu. Kama kamanda alikuahidi kwa mdomo kwenye uwanja wa gwaride na karatasi haikuandikwa, huna cha kurekebisha bado. Una pendekezo la kuanzisha, na nitalieleza mbele.

Purple Heart iko peke yake. Ni haki, haina ukomo wa muda, ila inadai mambo matatu kwa pamoja: jeraha lenyewe, kwamba lilitokana na adui, na kwamba lilitibiwa na tabibu wa jeshi na kuandikwa. Combat Action Badge, iliyoanzishwa 2005 na kurudishwa nyuma hadi 18 Septemba 2001, inataka uthibitisho kwamba wewe binafsi ulishambuliwa au ulishambulia. Kuwa kwenye kambi iliyopigwa kombora upande wa pili hakutoshi.

Tatu: omba faili zima, DD 214 peke yake haitoshi

Faili la utumishi huitwa OMPF. Walioacha jeshi miaka ya karibuni wanaweza kulipata kielektroniki kupitia tovuti ya milConnect. Wengine wanaomba National Personnel Records Center, NPRC, iliyoko St. Louis, Missouri, kwa mtandao au kwa fomu SF 180. Andika wazi kwamba unataka faili lote. Ukiandika tu kwamba unaomba rekodi, utatumiwa DD 214 uliyonayo tayari.

Kwa askari mwenyewe na ndugu wa karibu wa marehemu huduma hii ya kawaida ni bure. Narudia, kwa sababu kwenye makundi ya WhatsApp ya wanadiaspora hupitapita watu wanaojitolea kukutolea DD 214 kwa dola kadhaa na kukuomba namba ya Social Security. Usimpe yeyote.

Waliotumikia zamani wana kikwazo chao. Tarehe 12 Julai 1973 jengo la kumbukumbu la St. Louis liliungua, yakateketea mafaili kati ya milioni 16 na 18: takriban asilimia 80 ya mafaili ya Army ya walioachishwa kati ya 1912 na mwanzo wa 1960, na asilimia 75 ya Jeshi la Anga ya walioondoka kati ya 1947 na mwanzo wa 1964 ambao majina yao yanafuata Hubbard, James E. kwa alfabeti. Ukijibiwa kwamba faili liliungua usikate tamaa. NPRC hulijenga upya kwa ripoti za asubuhi za vikosi, vocha za mishahara na kumbukumbu za hospitali, na wewe utawasaidia ukiwatajia kikosi na miezi.

Nne: kusanya ushahidi, na uupange kwa uzito

Karatasi zinazobeba uzito zaidi ni zile zilizoandikwa wakati jambo linatokea, na mtu ambaye hakuwa na faida yoyote nalo. Amri ya kupelekwa vitani na amri ya kutoa nishani ndizo za mbele. Zinafuata tathmini za kazi, hati za medali, na kumbukumbu za zahanati ya kikosi.

Kuna karatasi moja ambayo watu huidharau: LES, ile stakabadhi ya mshahara ya kila mwezi. Kama amri za safari zimepotea, tafuta LES za miezi hiyo. Utaona mstari wa malipo ya eneo la hatari, dola 225 kwa mwezi mzima, na alama kwamba mshahara haukukatwa kodi kwa sababu ulikuwa eneo la mapigano. Fedha haikulipwa kwa kubahatisha. Ukiwa na miezi minane ya mistari hiyo, safari yako imethibitishwa na idara ya fedha yenyewe.

Barua ya mwenzako kikosini inasaidia, lakini nyingi zinaandikwa vibaya. Hii haina maana: "Alikuwa askari shujaa na mwaminifu, tafadhali apewe haki yake." Anayesoma hajifunzi chochote. Hii ina maana: "Nilikuwa kiongozi wa kikundi cha pili. Agosti 2012 gari letu lilikanyaga bomu kwenye barabara ya kwenda kambini. Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma yake. Niliona damu begani kwake, na tabibu wa kikosi alitoa kipande cha chuma palepale kabla hatujaondoka." Mwandishi aseme cheo chake wakati ule, alikuwa wapi, aliona nini kwa macho yake, kisha atie saini, tarehe na namna ya kumpata. Iandikwe kwa Kiingereza, na kila mmoja aandike mwenyewe. Barua tatu zenye sentensi zilezile zinaharibu kuliko kujenga.

Sasa suala la majina, ambalo kwetu ni kubwa kuliko kwa Wamarekani wenyewe. Ukiwa na jina lako, la baba na la babu, mfumo wao huchukua la mwisho na kulifanya la ukoo, la katikati linakatwa herufi moja, na wakati mwingine mpangilio unageuka kati ya pasipoti na jeshi. Ukija kuapishwa uraia na kubadili jina, unakuwa na majina matatu kwenye ofisi tatu. Wakongo waliopitia kambi za wakimbizi wengi wameandikiwa kuzaliwa tarehe mosi Januari, kwa hiyo hata tarehe haisaidii kuwatofautisha. Kabla ya kutuma ombi, tengeneza ukurasa mmoja unaoorodhesha kila namna jina lako lilivyoandikwa na mahali lilipoandikwa hivyo, ukiambatanisha cheti cha uraia au amri ya mahakama ya kubadili jina. Tumia jina lililo kwenye DD 214 kama jina kuu la ombi, hata kama hulitumii tena. Hati zilizo kwa Kifaransa au Kiswahili ziambatane na tafsiri ya Kiingereza yenye tamko na saini ya mfasiri.

Tuma nakala, usitume hati halisi.

Tano: gonga mlango wa kwanza

Kwa medali za haki, na kwa nishani ambazo amri yake unayo, unaandikia ofisi ya utumishi ya tawi lako ukiomba DD 215. Hiyo ndiyo fomu rasmi ya kusahihisha DD 214. Wa Army mwenye rekodi za karibuni anahusika na Human Resources Command iliyoko Fort Knox, Kentucky. Navy wako Millington, Tennessee. Marine Corps wako Quantico, Virginia. Jeshi la Anga wako San Antonio, Texas. Rekodi za waliotoka zamani huanzia NPRC, na wao hupeleka suala panapohusika.

Wa National Guard, yaani vikosi vya akiba vya majimbo, waangalie vizuri. Kipindi chako cha kulitumikia jimbo kimo kwenye NGB 22, hakimo kwenye DD 214, na marekebisho yake yanaanzia makao makuu ya Guard ya jimbo lako.

Barua iwe fupi. Taja DD 214 ya tarehe gani, kisanduku gani, kiongezwe nini, na kila kitu kinathibitishwa na kiambatisho kipi. Mfano: kwenye kisanduku cha 13 ongezeni Afghanistan Campaign Medal yenye nyota mbili za kampeni, angalieni kiambatisho A, amri ya safari, na kiambatisho B, kisanduku cha 18 cha DD 214 hiyohiyo. Ukurasa mmoja. Usisimulie maisha yako jeshini, hata kama yana mengi ya kusimuliwa. Anayesoma anatafuta kisanduku na kiambatisho.

Hujui kuandika barua za namna hii? Karibu kila kaunti ina afisa wa huduma za askari wa zamani, na vyama kama VFW, American Legion na DAV wana watu waliofunzwa. Wote hufanya kazi hii bila malipo.

Sita: Bodi, pale mlango wa kwanza unapofungwa

Ukikataliwa, au kama unalotaka ofisi ya utumishi haina mamlaka nalo, sasa ndipo unapojaza DD 149, fomu ya kuiomba Bodi. Kila tawi lina bodi yake: ABCMR ya Army, BCNR ya Navy na Marine Corps, AFBCMR ya Jeshi la Anga na Space Force, na Coast Guard wana yao chini ya wizara ya usalama wa ndani. Usichanganye na DD 293. Hiyo ni ya kubadilisha aina ya kuachishwa, na ina bodi tofauti.

Sheria inataka uombe ndani ya miaka mitatu tangu ulipogundua kosa. Imepita? Omba hivyohivyo. Bodi inaruhusiwa kusamehe ucheleweshaji kwa maslahi ya haki, na fomu ina sehemu ya kueleza sababu. Usiijaze kwa neno moja. Eleza lini uligundua, nani alikuambia, na ulifanya nini baada ya hapo.

Bodi haichunguzi. Haitampigia simu kamanda wako wa zamani wala kukutafutia amri iliyopotea. Inachukulia kwamba rekodi ya jeshi ni sahihi mpaka wewe uonyeshe vinginevyo, na inaamua kwa karatasi zilizo mezani. Kwa hiyo barua ya kukataliwa na ofisi ya kwanza iwe kiambatisho cha mbele kabisa, maana inaonyesha kwamba ulianzia panapotakiwa.

Kuna nyenzo ambayo wachache wanaitumia. Maamuzi ya bodi hizi huchapishwa mtandaoni yakiwa yameondolewa majina. Tafuta kesi inayofanana na yako, medali hiyohiyo, kipindi kilekile, usome ni karatasi gani iliyowashawishi na ni ipi waliyoipuuza. Saa mbili za kusoma maamuzi hayo zinakupa kuliko ushauri wa mtu yeyote, mimi nikiwemo.

Kuhusu muda, sheria inazitaka bodi za Army, Navy na Jeshi la Anga zimalize asilimia 90 ya maombi ndani ya miezi 10, na ombi lolote lisizidi miezi 18. Panga mambo yako kwa miezi 18. Ukikataliwa, unaweza kuomba wafikirie upya endapo una ushahidi ambao hawakuuona mara ya kwanza. Kutuma yaleyale kwa hasira zaidi hakusaidii.

Kama pendekezo halikuandikwa kabisa

Turudi kwa yule aliyeahidiwa Bronze Star kwa mdomo. Kwa Army, pendekezo linatakiwa liingizwe ndani ya muda uliowekwa baada ya tukio. Baada ya hapo kuna mlango mmoja, kifungu cha 1130 cha sheria za jeshi, na ufunguo wake anao mbunge wako wa Congress au seneta. Unahitaji DA 638 iliyojazwa na mtu aliyekuwa na nafasi ya kukupendekeza wakati ule, yaani kamanda au kiongozi aliyekuwa juu yako na anayejua tukio, pamoja na mashahidi wa macho. Huwezi kujipendekeza mwenyewe. Ofisi ya mbunge itakupa fomu ya kuruhusu waone taarifa zako, kisha wao ndio wanaolipeleka pendekezo jeshini.

Ni njia ndefu, na nadhani inafaa kufuatwa tu pale ambapo kiongozi wako wa zamani yuko hai, anakukumbuka na yuko tayari kuandika. Bila yeye unajichosha.

Mbunge anasaidia pia pale ombi la kawaida linapokaa kimya miezi mingi. Kuulizia kwake hakubadilishi uamuzi, ila faili linatoka chini ya rundo.

Familia ya marehemu

Wanaoruhusiwa kuomba rekodi za marehemu kama ndugu wa karibu ni mjane au mgane ambaye hajaoa au kuolewa tena, mzazi, mtoto, na ndugu wa kuzaliwa. Binamu, mpwa na mkwe hawamo, hata kama kwetu ndio waliomlea. Utahitaji cheti cha kifo na uthibitisho wa uhusiano. Miaka 62 ikishapita tangu askari aondoke jeshini, faili linakuwa la kumbukumbu za umma, mtu yeyote anaweza kuliomba kwa kulipia.

Kwa Bodi, DD 149 inaweza kutiwa saini na mjane, mtoto au mwakilishi wa kisheria, naye aeleze uhusiano wake na aambatanishe cheti cha kifo.

Ikiwa imekubaliwa

Hutapewa DD 214 mpya kwa kawaida. Utapewa DD 215, karatasi inayotaja kisanduku na maneno yanayoongezwa au kufutwa. Peke yake haina maana, kwa hiyo ibane na DD 214 na kila unapotoa nakala toa zote mbili. Medali yenyewe ya chuma huombwa tofauti; usishangae karatasi ikifika bila sanduku.

Subiri DD 215 kabla ya kuitaja medali hiyo kwenye maombi ya kazi. Sheria ya Stolen Valor ya 2013 inamhusu anayedanganya kwamba ana nishani fulani ili apate fedha au manufaa, na hutaki kuanza kujieleza hapo.

Halafu peleka nakala kunakohusika, maana ofisi haziambizani. VA wapelekee wewe. Beji ya mapigano au Purple Heart inaweza kurahisisha madai ya msongo wa akili utokanao na vita, kwa sababu inathibitisha kwamba ulikuwa mapiganoni. Purple Heart ya tarehe 11 Septemba 2001 au baada yake inakupa pia manufaa kamili ya masomo ya Post-9/11 GI Bill. Kwa kazi za serikali kuu, medali ya kampeni ni mojawapo ya vigezo vya kupata pointi tano za upendeleo, na kama ombi lako la kazi bado liko wazi, wasiliana na idara ya ajira uwape DD 215 kabla tarehe ya mwisho haijapita.